Wimbo na Lugha ya Mama: Tunachojifunza kutoka Wales

(Maneno ya mwalimu wa kwaya mstaafu katika ibada ya shukrani ya Jubilei ya Dhahabu)

 

Mchungaji wetu, wazee wa kanisa, akina mama, vijana, wageni wetu mliovuka mto Athi kutoka Makueni kuja kushangilia pamoja nasi hapa Kitui, na ninyi wanakwaya wenzangu wa jana na wa leo: mwĩ aseo? Nawashukuru kwa kunipa nafasi hii.

Kamati iliniomba nizungumze juu ya tulikotoka. Nadhani walitarajia niwahesabie sare tulizoshona, safari tulizokwenda na vikombe tulivyoleta nyumbani. Hayo mtayasoma katika kurasa nyingine za kijitabu hiki. Mimi nataka niwapeleke mbali kidogo, katika nchi iitwayo Wales, kisha niwarudishe hapa nyumbani, kwa sababu nina neno moyoni ambalo nimelibeba muda mrefu.

Mtaniuliza, "Mwalimu, Wales na sisi wapi na wapi?" Nitawajibu. Wazee wa kwaya mnakumbuka kile kitabu chetu cha noti, kimoja tu, tulichokuwa tukikishika kwa zamu mpaka jalada likaachia. Juu ya kila wimbo palikuwa na jina la tuni. Mengine tuliweza kuyasoma. Mengine yalitushinda kabisa: Aberystwyth. Cwm Rhondda. Hyfrydol. Llanfair. Mwenzetu mmoja wa besi alisema hayo si maneno, ni mashine ya kuchapa iliyoharibika. Tulicheka, tukaimba. Miaka mingi baadaye ndipo nilipojua kuwa ni maneno halali ya lugha hai, Kiwelshi, na kwamba tuni tulizokuwa tukizipenda kuliko zote zilitungwa na watu wa nchi ndogo ya wakulima, wachunga kondoo na wachimba makaa ya mawe.

Wales iko magharibi ya England, ndani ya Ufalme wa Uingereza. Ni nchi ya milima na mvua nyingi. Watu wake ni kama milioni 3.1 kwa sensa ya 2021. Sisi Wakamba tulikuwa zaidi ya milioni 4.6 katika sensa yetu ya 2019. Kwa hiyo tusiwaone kama taifa kubwa lililotufundisha. Kwa idadi, sisi tumewapita.

Lugha yao ni ya zamani kuliko Kiingereza katika kisiwa kile. Lakini mwaka 1282 mtawala wao wa mwisho aliyejitegemea, Llywelyn, aliuawa, na nchi ikawa chini ya mfalme wa England. Mwaka 1536, wakati wa Mfalme Henry VIII, sheria ilipitishwa kwamba mahakama zitaendeshwa kwa Kiingereza, na asiyejua Kiingereza hatapewa cheo cha serikali. Lugha ikifukuzwa mahakamani na ofisini, kwa kawaida haichukui muda kufa. Kiwelshi hakikufa. Kwa nini? Kwa sababu kilipata mahali pengine pa kukaa. Kilikaa kanisani.

Mwaka 1588 mchungaji mmoja, William Morgan, alimaliza kutafsiri Biblia nzima kwa Kiwelshi. Fikirini jambo hilo. Lugha iliyokatazwa mbele ya hakimu ikasomwa mbele za Mungu kila Jumapili. Baadaye, kuanzia miaka ya 1730, mchungaji mwingine, Griffith Jones, alianzisha shule za kuhamahama. Mwalimu alikaa katika kijiji miezi michache, hasa msimu wa baridi kazi za shamba zilipopungua, akawafundisha wakubwa kwa watoto kusoma Biblia katika lugha yao, kisha akahamia kijiji kingine. Maskini wa Wales wakajua kusoma.

Walimu wa shule ya Jumapili wanaijua hadithi ya Mary Jones. Huyo alikuwa binti maskini wa Kiwelshi. Mwaka 1800, akiwa na umri wa miaka 15, alitembea kama kilomita 40 kwenda mji wa Bala kununua Biblia ya Kiwelshi kwa pesa alizodunduliza miaka mingi. Habari ya binti huyo na wengine kama yeye iliwagusa watu, na mwaka 1804 Chama cha Biblia kikaanzishwa jijini London. Kutoka shina hilo vimechipuka vyama vya Biblia vya nchi nyingi, na cha Kenya kikiwamo. Na Wawelshi wenyewe hawakuishia kwao. Mwaka 1818 vijana wawili, David Jones na Thomas Bevan, walifika Madagascar, kisiwa cha bahari yetu hii ya Hindi. Bevan alikufa kwa homa baada ya miezi michache tu. Jones alibaki, na mwaka 1835 Biblia nzima ya Kimalagasi ilikuwa imechapwa.

Sasa tuje kwetu. Novemba 1849, Johann Ludwig Krapf alitoka Rabai akafika huku Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara wetu mashuhuri. Tarehe 3 Desemba akauona mlima wenye theluji. Jina aliloliandika alilisikia kutoka kwa Wakamba, na ndilo linaloitwa leo na nchi nzima: Kenya. Mwaka uliofuata, 1850, Injili ya Marko ilichapwa Ujerumani kwa Kikamba. Miaka ya 1890 wamisionari wa Kilutheri kutoka Ujerumani walikaa Ikutha. Na Desemba 1895 Peter Cameron Scott, mzaliwa wa Scotland, alijenga kituo cha kwanza cha Africa Inland Mission pale Nzaui, Makueni. Ndugu wa Makueni, mmebeba heshima kubwa hapo, kwa sababu Nzaui ndilo jabali ambalo wazee wetu walisema Mungu aliwaweka juu yake mume na mke wa kwanza wa Wakamba. Hadithi yetu ya asili na hadithi ya Injili yetu zimeanzia mlima mmoja.

Wanaosimulia maisha ya Scott husema kwamba alikuwa mwimbaji hodari, na kwamba alikaribia kuingia kazi ya jukwaani kabla hajaamua kuimba kwa ajili ya Bwana. Alikufa kwa homa Desemba 1896, mwaka mmoja tu baada ya kufika, kabla ya kutimiza miaka 30. Lakini mbegu ilikuwa imeshaanguka. Agano Jipya la Kikamba likatoka mwaka 1920, na Biblia nzima mwaka 1956. Mary Jones alitembea kutafuta Biblia ya lugha yake. Ninyi mnayo nyumbani, kabatini. Nitalirudia jambo hilo.

Sasa nizungumze na wanakwaya. Sisi tulijifunza kuimba kwa solfa: do, re, mi. Nani hapa alianza kwa noti za mistari? Hakuna. Solfa ilianzishwa England na mama mmoja, Sarah Glover, ikaendelezwa na mchungaji John Curwen kuanzia miaka ya 1840. Uzuri wake ni kwamba haidai mashine maalumu ya kuchapa wala kinanda. Ni herufi za kawaida, nukta na vistari. Mwalimu akiwa na ubao na chaki, kwaya ya sauti nne imezaliwa. Wawelshi waliishika kwa mikono miwili. Mtu alitoka shimoni mweusi kwa vumbi la makaa, akaoga, akala, akaenda mazoezini na karatasi yake ya solfa mfukoni. Mwaka 1859 John Roberts, aliyejulikana kwa jina la Ieuan Gwyllt, alitoa kitabu cha tuni kwa ajili ya makanisa, na kutoka hapo ikakua desturi yao ya cymanfa ganu: makanisa ya eneo zima yanakusanyika siku moja, si kushindana, bali kuimba tenzi pamoja kwa sauti nne, na kwaya ni washarika wote. Hebu wazia kanisa zima ni kwaya!

Kushindana nako walikujua. Mwaka 1176, bwana mmoja aliyeitwa Rhys alikusanya washairi na wapiga ala katika ngome yake mjini Cardigan, akawashindanisha, na washindi wakapewa viti vya heshima. Mikutano hiyo inaitwa eisteddfod, neno linalotokana na kuketi, na inafanyika mpaka leo. Tangu mwaka 1950 mashindano yao makuu ya taifa huendeshwa kwa Kiwelshi peke yake. Sisi tuna tamasha la muziki la Kenya lililoanza mwaka 1927, na wengi wetu hapa tulipandishwa jukwaani humo tukiwa na kaptula, magoti yakitetemeka. Kwa hiyo mnajua ninachosema nikiwaambia habari za Caradog. Alianza maisha kama mhunzi. Mwaka 1872 na 1873 alipeleka London kwaya ya zaidi ya watu 400 kutoka mabonde ya makaa, wafanyakazi wa kawaida, na mara zote mbili wakarudi na kikombe. Leo sanamu yake imesimama Aberdare, na mkononi ameshika kijiti cha kuongozea kwaya.

Na yule aliyetunga Aberystwyth, jina lililotushinda? Ni Joseph Parry, aliyezaliwa Merthyr Tydfil mwaka 1841. Akiwa na miaka 9 alikuwa tayari anafanya kazi shimoni. Baadaye akawa profesa wa muziki. Wajuzi wengi husikia mwangwi wa tuni yake hiyo katika wimbo alioutunga Enoch Sontonga, mwalimu wa shule kule Afrika Kusini, mwaka 1897, ule ambao leo tuni yake ni ya wimbo wa taifa wa jirani zetu Tanzania. Mtoto wa shimo la makaa aliimba, na Afrika ikaitikia.

Lakini nisiwafiche. Kuna jambo ambalo wao walilipoteza na sisi tumelipoteza. Uamsho mkubwa ulipofika Wales katika karne ya 18, wahubiri wengi walikemea ngoma na kinubi, kwa sababu viliambatana na ulevi. Wapigaji wakanyamaza, na nyimbo nyingi za kale zikazikwa pamoja nao. Nyingine ziliokolewa zilipoingizwa kanisani. Tuni iitwayo St Denio, ambayo makanisa mengi duniani huitumia kumsifu Mungu, ilikuwa wimbo wa watu wa kawaida kabla haijawa tenzi.

Hapa kwetu ni vivyo hivyo. Waliobatizwa waliambiwa waache kilumi na ngoma nyingine. Sitetei kilumi ya kuita aimu. Mimi ni mzee wa kanisa. Lakini pamoja na aimu tulitupa mengine. Tulikuwa na ngui, mtunzi na kiongozi, anayeanzisha na watu wakaitikia. Tulikuwa na myali, nyimbo za kumsema mlafi na mvivu hadharani mpaka ajirekebishe. Na tazameni: neno tulilotumia kwa wimbo wa uwanjani, wathi, ndilo hilo hilo tunalotumia kwa wimbo wa kanisani. Lugha haikuona ukuta pale sisi tulipojenga ukuta. Nashukuru kwamba siku hizi ngoma na kayamba vimerudi madhabahuni. Mwimbishaji akianza na kwaya ikajibu, ngui amerudi, ila sasa amevaa joho.

Wapendwa, sasa nifike kwenye neno lililonileta.

Katika karne ya 19 shule nyingi za Wales zilikuwa na kipande cha mti chenye herufi W.N., yaani "hakuna Kiwelshi". Mtoto aliyesikika akisema lugha ya mama yake alivishwa shingoni. Akimsikia mwenzake, anamvisha yeye. Jioni, aliyebaki nacho alichapwa. Nilipoisoma habari hiyo niliweka kitabu chini. Kwa sababu mimi nilikivaa. Si Wales, ni hapa Ukambani, katika shule ambayo sitaitaja. Kibao kile kilipita shingo hadi shingo, na siku niliyolala na uchungu zaidi si ile niliyochapwa, ni ile niliyomvizia rafiki yangu nyuma ya choo mpaka aliposema neno moja la Kikamba, nikamvisha.

Mngedhani mtu aliyepitia hayo angelinda lugha yake. Sivyo nilivyofanya. Nilipopata watoto niliwaambia nyumbani tuseme Kiingereza, na Kiswahili kidogo, wasije wakachekwa shuleni. Nilisahau kwamba kibao kilikuwa kimetoka shingoni kikaingia kichwani. Miaka michache iliyopita mama yangu aliugua. Wiki zake za mwisho alikuwa anasema Kikamba tu. Wajukuu walitoka Nairobi wakasimama kuzunguka kitanda. Akawaombea, mmoja mmoja, kwa majina, maombi marefu. Nao wakanigeukia wakauliza, "Baba, susu anasema nini?" Nikaanza kutafsiri. Baraka za nyanya yao ziliwafikia kwa mkalimani. Na mkalimani mwenyewe ndiye aliyekuwa amefunga mlango.

Nisikilizeni vizuri, hasa ninyi wanakwaya. Mwaka 1911 Kiwelshi kilikuwa na wasemaji kama 977,000. Nyumba za ibada zilijaa, na uamsho wa 1904, ulioongozwa na kijana Evan Roberts aliyekuwa amefanya kazi shimoni, ulikuwa umewasha nchi kwa nyimbo. Mtu angesema lugha hii haina hatari. Sensa ya 2021 ilihesabu wasemaji 538,000, chini ya mtu 1 kati ya 5. Nyumba nyingi za ibada zimefungwa au kuuzwa. Je, waliacha kuimba? La, waliimba sana. Ila wazazi waliimba Kiwelshi Jumapili na kusema Kiingereza na watoto Jumatatu. Wimbo hutunza lugha kama chungu kinavyotunza moto wa makaa. Asipokuwapo wa kuongeza kuni, asubuhi utakuta majivu.

Hata hivyo, hawakukata tamaa. Mwaka 1939 mjini Aberystwyth ilifunguliwa shule ya msingi ya kwanza ya kufundisha kwa Kiwelshi, ikiwa na watoto 7. Saba! Leo shule za namna hiyo ni nyingi, na wapo wazazi wasiojua Kiwelshi wanaowapeleka watoto huko wakajifunze lugha ya babu zao. Waliporudi walianza na wachache, kama walivyoanza waliowatangulia.

Mwezi uliopita nilikaa nyuma nikasikiliza mazoezi ya kwaya ya watoto. Waliimba vizuri kwa Kiswahili, wakaimba vizuri kwa Kiingereza. Mwalimu wao alipoanzisha wathi wa Kikamba, nusu yao walifumba midomo. Sikuwalaumu. Nilijiona mimi.

Wala msidhani napinga Kiswahili. Leo nasema Kiswahili kwa sababu tuna wageni wa kabila mbalimbali na nawapenda. Kiswahili ni daraja letu, lakini mtu halali darajani, hulala nyumbani.

Kwa hiyo, katika jubilei hii, naomba mambo matatu tu. La kwanza, kila Jumapili kwaya ya watoto iimbe angalau wimbo mmoja wa Kikamba, na waelezwe maana ya kila neno. La pili, tuwatembelee wazee wetu wenye miaka 80 na kuendelea tukiwa na simu zetu, turekodi nyimbo walizoimba wakivuna, wakisaga na wakibembeleza watoto, kabla hatujazizika pamoja nao. Mimi nitafundisha solfa kila Jumamosi alasiri, bila malipo, ili nyimbo hizo ziandikwe. La tatu ni la nyumbani: ile Biblia ya Kikamba iliyo kabatini itolewe, mtoto asome mstari mmoja kila jioni, hata akikosea. Mcheke pamoja, msimcheke yeye.

Rafiki yangu niliyemvisha kibao yuko hapa leo, ameketi na besi. Mwenzangu, nilikuomba msamaha kwa Kiingereza tukiwa wanafunzi, kwa sababu niliogopa kuvishwa tena. Baada ya ibada nitakuja nikuombe kwa Kikamba.

Mungu aibariki kwaya yetu, aibariki Kitui, aibariki Makueni, na miaka 50 ijayo wajukuu wetu wasimame hapa wakiimba, na mababu zao mbinguni wasihitaji mkalimani.

Bwana asifiwe!